Kiungulia kilichonyamaza: kisa cha fundi wa mbao, dawa tatu za maumivu na kikombe cha povu

Kisa hiki kilitokea kisiwa cha Lamu, katika mwezi wa Ramadhani. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe, kwa sharti asitajike. Kwa hivyo sitaji kijiji, mwaka, maduka wala hospitali, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyaacha. Dawa, vipimo na mpangilio wa siku ni vile vile vilivyokuwa. Mimi ni mtu wa duka la dawa mjini Amu, yaani Lamu mjini, na sehemu ya kosa inanihusu. Nitaifikia.

Mwenye kisa

Ni mwanamume aliyepita miaka 60, fundi wa mbao tangu ujanani. Kazi yake ni ya kuchutama: tezo, patasi na nyundo, saa nyingi goti limekunjwa. Magoti yote mawili yamekwisha kulika, na la kulia huvimba akizidisha kazi. Presha anayo kwa miaka kadhaa na kila mwezi huchukua dawa zake kliniki, enalaprili pamoja na hidroklorothiazaidi, kile kidonge cha kutoa maji mwilini. Havuti sigara. Kahawa chungu anaipenda, vikombe vinne au vitano barazani baada ya Alasiri. Hakuwahi kuambiwa ana vidonda vya tumbo.

Mtu huyu si mzembe wa dawa. Vidonge vya presha hapitishi hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu visa kama hivi vikisimuliwa, msikilizaji hukimbilia kumlaumu mgonjwa.

Ilivyoanza, siku hadi siku

Shaaban ikielekea ukingoni alikuwa na tenda ya milango iliyotakiwa kabla ya Idi. Goti likavimba. Akanunua dawa ya maumivu, diklofenaki ya miligramu 50, kijijini, vidonge kumi vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, vikatiwa ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha iliandikwa kwa kalamu "1×2", basi. Jina la dawa halikuwamo. Maumivu yakapungua, kazi ikaenda, akanunua kumi vingine.

Ramadhani ikaingia. Nyakati za kumeza dawa zikabaki mbili, futari na daku. Kichwa nacho kikaanza kumgonga kila jioni, jambo la kawaida kwa mnywaji kahawa anayeikosa mchana kutwa. Akawa anameza vidonge viwili vya kichwa pamoja na futari, vile vya dukani vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya kidonge kimoja. Kijana wake akaja kutoka Mombasa na kopo la ibuprofeni ya miligramu 400, zawadi kwa babake. Akaipenda. Akawa anameza kimoja baada ya Tarawehe, ili alale bila goti kumwamsha.

Hebu tuhesabu. Diklofenaki miligramu 100 kwa siku, ibuprofeni 400, na aspirini iliyojificha ndani ya dawa ya kichwa. Hakuna hata moja iliyopita kipimo chake. Angeulizwa, "Ami, umezidisha dawa?" angejibu hapana, naye angekuwa anasema kweli kama anavyoijua.

Kiungulia kilianza siku ya 6 ya mfungo. Kwanza alikituliza kwa unga wa povu, ule unaofoka kwenye maji. "Kila nikinwa, moto wazima papo hapo," ndivyo alivyokuja kunieleza. Pakiti moja ikawa mbili kwa usiku.

Siku ya 9 alivuka mjini kununua misumari, akapita kwangu. Aliomba dawa ya kiungulia. Nilimuuliza kimeanza lini, akasema tangu kufunga. Nikafikiria viazi vya karai, sambusa, pilipili na kulala tumbo likiwa limejaa, nikampa chupa ya dawa nyeupe ya maji, yenye alumini na magnesi, kijiko cha mililita 10 baada ya kula. Lilikuwa jibu la busara kwa swali nililouliza. Swali ambalo sikuuliza ni hili: unakunywa dawa gani nyingine?

Wiki moja baadaye kiungulia kikarudi. Mjukuu akatumwa duka jingine, akarudi na vidonge kumi vya omeprazoli ya miligramu 20 bila maelezo. Mzee akawa anameza kimoja pale tumbo linapowaka, mara nyingi katikati ya kula au baada yake. Povu, dawa nyeupe na omeprazoli vikafanya kazi pamoja, na tumbo likanyamaza kabisa. "Tumbo sasa limeizoea dawa," akawaambia wa nyumbani. Kwa furaha hiyo akaongeza ibuprofeni ya daku.

Siku ya 19 akaanza kuona kizunguzungu. Mtu anayefunga akiona kizunguzungu, watu husema ni mfungo. Mmoja akasema damu imepungua (alisema kweli bila kujua), akanunuliwa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Siku mbili baadaye choo kikawa cheusi. Karatasi ya vidonge ilisema wazi kwamba chuma huweza kufanya choo kiwe cheusi, na bintiye alikuwa ameisoma. Basi hakuna aliyeshtuka.

Usiku wa 23, katika Tarawehe, aliinuka kutoka sijda akaanguka.

Mfuko kwenye kaunta

Asubuhi yake bintiye alikuja dukani. Alitaka "dawa ya nguvu" na chupa nyingine ya ile nyeupe. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye chupa tupu ndani yake, ili nisikosee aina. Nilimwomba aumwage mfuko wote kaunta.

Zikatoka: chupa yangu, pakiti nne tupu za povu, bahasha ya kaki yenye "1×2", kopo la ibuprofeni lililobakia robo, kipande cha vidonge vya kichwa, omeprazoli mbili za mwisho, vidonge vya chuma, na dawa zote mbili za presha. Nilikifungua kile kidonge cha bahasha nikakijua kwa alama yake kuwa ni diklofenaki. Nilisimama pale nikiwa nimekishika.

Nikamwomba ampigie babake simu. Nikamuuliza, "Ami, choo chako ni cheusi vipi? Kikavu kama mkaa, au kinanata?"

"Kinanata kama lami, mwanangu. Na harufu yake si ya choo."

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza, sikuuza kitu. Dawa ya asidi ingemtuliza, na utulivu ndio uliokuwa umemfikisha pale.

La pili, nilisema diklofenaki, ibuprofeni na vidonge vya kichwa visimezwe tena hata kimoja, na kwamba dawa za presha za asubuhi hiyo zisubiri daktari. Mtu anayevuja damu presha yake huwa inashuka yenyewe. Kumwongezea enalaprili na kidonge cha kutoa maji ni kumsukuma zaidi.

La tatu, hospitali siku hiyo hiyo, tena kwa chombo cha kulalia. Bodaboda ilikuwa karibu zaidi, lakini mtu anayezimia akiinuka hapakiwi nyuma ya pikipiki katika njia ya mchanga. Bahati maji yalikuwa yamejaa, mashua ya injini ikafika mpaka karibu na nyumba. Yangekuwa yamekupwa, tungetafuta watu wa kumbeba kwa kitanda.

La nne lilikuwa gumu kuliko yote. Mzee hakutaka kufungua. Kumi la mwisho limeingia, akasema, siku 23 nimezishika, nitaiachia njiani? Mimi si mtu wa kutoa fatwa kaunta. Bintiye alimpigia maalim wa msikiti wao, naye akamsomea aya ya Suratul Baqara, 185, kwamba mgonjwa au msafiri ana hesabu ya siku nyingine. Akamwambia hii ni ruhusa ya Mola wake, na ruhusa ya Mola hairudishwi. Hapo ndipo alipokubali kupanda mashua. Maneno yale yalitoka kwa mtu aliyefaa kuyasema, na sidhani yangetoka kwangu yangefanya kazi.

La tano ni dogo lakini liliwasaidia sana madaktari: mfuko ulikwenda na mgonjwa, ukiwa na karatasi niliyoandika jina la kila dawa, kipimo, na tangu siku ya ngapi.

Hospitalini na baada yake

Alifika na presha 96 kwa 58, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, viganja vyeupe. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu yake, ilikuwa gramu 7.1 kwa desilita. Kwa mwanamume mzima, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuanzia chini ya 13. Kipimo cha figo nacho kilikuwa kimepanda. Aliwekewa maji, akaongezewa damu painti mbili, akaanza omeprazoli ya mshipa, kisha akapelekwa Mombasa kwa kipimo cha kamera. Vilionekana vidonda viwili sehemu ya chini ya tumbo, kimoja kikiwa na alama ya kuvuja karibuni. Idi ilimkuta wodini.

Figo zilirudi kwenye hali yake baada ya maji na kuacha dawa za maumivu. Alitoka na omeprazoli ya wiki 8.

Kuna jambo moja ambalo lingepita bila kuonekana. Kipimo cha choo cha kutafuta bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, kilikuja hasi. Daktari hakukiamini. Omeprazoli huwakandamiza bakteria hao bila kuwamaliza, hata kipimo kikawakosa. Ndiyo maana husubiriwa angalau wiki 2 baada ya kuacha omeprazoli, na wiki 4 baada ya antibiotiki, ndipo mtu apimwe. Wiki zake 8 zilipokwisha akasubiri mbili, akapimwa tena: wapo. Akapewa siku 14 za omeprazoli na antibiotiki mbili, amoksisilini na klarithromisini. Zaidi ya mwezi baada ya hapo kipimo cha tatu kikatoka safi.

Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria hawa ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Hadi leo bado nasikia barazani kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mzee huyu alikuwa na vyanzo viwili vya kweli kwa pamoja, bakteria na dawa za maumivu, na kimoja hukipa nguvu kingine.

Uchambuzi: kwa nini dawa ya asidi haikumlinda

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, nami nitakaa kidogo.

Nyumba zetu za mawe za Amu zimepakwa chokaa. Mtu akidondosha ndimu juu ya chokaa, huona povu: asidi inakula. Kinachoufanya ukuta udumu karne mbili tatu ni fundi anayerudi kupaka upya kabla mvua haijafika kwenye jiwe. Tumbo nalo lina asidi kali kila siku ya maisha yake, na haliungui, kwa sababu lina ute mzito juu ya ngozi yake ya ndani, lina magadi chini ya ute huo, na lina damu inayopita kwa wingi kuponya kila mkwaruzo. Kazi hiyo yote huamrishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo mafundi wa chokaa.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa njia moja: huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Alilibainisha hili John Vane huko Uingereza mwaka 1971, naye pia alipata Nobel, 1982. Gotini, prostaglandini huleta uvimbe na maumivu, kwa hivyo kuzizuia ni nafuu. Tumboni, kuzizuia ni kuwafukuza mafundi. Na dawa hufika tumboni kwa njia ya damu, ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki au kidonge kilichowekwa kwa njia ya nyuma huweza kuleta vidonda. Wengi huamini kwamba sindano "haipiti tumboni". Inapita, kwa mlango mwingine.

Sasa unga wa povu na ile dawa nyeupe hufanya nini? Huzima asidi iliyopo wakati ule. Tumbo likiwa tupu, kazi yao huisha ndani ya saa moja au pungufu. Baada ya chakula huenda wakafika saa tatu. Ni sawa na kupangusa maji ya mvua ukutani. Fundi hajarudi, chokaa haijapakwa, na wingu lingine linakuja. Kiungulia kilikuwa ndiye mlinzi anayepiga kelele, na sisi tulimnyamazisha mara tatu, kwa dawa tatu. Watu wengi wenye vidonda vya dawa za maumivu hawasikii kiungulia wala maumivu yoyote hadi siku wanapovuja damu. Mzee huyu alipewa onyo ambalo wengine hawalipati.

Omeprazoli ni habari nyingine. Hiyo kwa kweli hulinda. Hufunga pampu zinazotengeneza asidi, na inayotumiwa kila siku hupunguza vidonda vya tumbo kwa mtu asiyeweza kuacha dawa hizi. Ila huzifunga pampu zinapokuwa kazini, yaani wakati wa chakula, kwa hivyo inatakiwa itangulie chakula kwa nusu saa hivi, kila siku, na nguvu yake kamili huchukua siku 1 hadi 4 kufika. Kuimeza pale tumbo linapowaka, siku moja ndiyo siku moja siyo, hakupati faida yake kamili. Nayo hailindi figo, haishushi presha, na utumbo mwembamba ulio mbele zaidi haulindi.

Mambo mengine yaliyokuwa yakiendana vibaya

Diklofenaki nyingi zimefunikwa kwa ganda linaloyeyuka pasipo na asidi, ili dawa ifunguke ndani ya utumbo, ikiisha kupita tumbo. Ukinywa dawa ya kuzima asidi wakati mmoja nayo, ganda huweza kudanganyika likafunguka mapema, ndani ya tumbo lile lile. Vidonge vya aspirini vyenye ganda ni hivyo hivyo. Saa mbili kati yao husaidia.

Chuma huhitaji asidi ili kifyonzwe. Mzee alikuwa akimeza vidonge vya damu juu ya omeprazoli na dawa nyeupe, kwa hivyo hata tiba ya damu ilikuwa ikimwagika. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini zinaharibiwa vibaya zaidi: alumini na magnesi huzishika zisiingie mwilini, na maambukizi yakabaki.

Povu nalo lina chumvi ya sodiamu. Pakiti ya gramu 5 ya unga wa aina hiyo huweza kuwa na zaidi ya gramu 0.8 ya sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 2 kwa siku nzima, kwa chakula chake chote. Pakiti mbili kila usiku kwa mwenye presha si jambo dogo.

Halafu figo. Enalaprili, kidonge cha kutoa maji, na dawa ya kundi la ibuprofeni, zikikutana watatu hawa huzibana figo kutoka pande tatu. Ongeza mfungo wa saa 13 au zaidi katika joto la pwani, karakana ya mabati, jasho. Kipimo chake kilichopanda hakikunishangaza.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kuliko vyote ni mfuko ule. Binti alileta kila kitu, na kwa dakika moja tuliona tusichokiona kwa wiki mbili. Lile swali la choo lilifaa pia, kwa sababu chuma kinatoa weusi wa kijani kijani, mgumu, usio na harufu ya ajabu. Damu iliyopitia tumboni huwa nyeusi ya kung'aa, hunata, na hunuka kwa namna ambayo aliyeisikia mara moja haisahau. Hata hivyo, mwenye kutumia dawa za maumivu akiona choo cheusi asikae kupambanua nyumbani. Aende apimwe.

Kilichoharibika kilianzia kwenye bahasha. Dawa isiyo na jina haiwezi kulinganishwa na nyingine. Mzee hakuwa na njia ya kujua kwamba cha bahasha, cha kopo na cha kichwa ni ndugu wa tumbo moja. Kwake vilikuwa cha goti, cha usiku na cha kichwa. Watu wanne tulimuuzia, kila mmoja akaona kipande chake.

Na swali langu la siku ya 9. Nimejiuliza mara nyingi kama angenijibu sawasawa. Nadhani angejibu "dawa za presha tu," kwa sababu wengi hawahesabu vya maumivu kuwa dawa. Kwa hivyo sasa siulizi "unatumia dawa gani". Nauliza, "Una kitu chochote unachomeza kwa maumivu, goti, mgongo, kichwa, hata kimojakimoja?" Majibu yamebadilika sana. Jina la dawa naliandika kwa herufi kubwa juu ya bahasha, na kwa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini naongeza mstari: USICHANGANYE NA NYINGINE YA MAUMIVU ILA PARASETAMOLI.

Zinavyokwenda pamoja

Parasetamoli haiwafukuzi mafundi wa tumbo. Inakwenda na dawa nyeupe na inakwenda na omeprazoli, bila shida. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, pakipita angalau saa 4, visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ini bovu, mnywaji pombe sana au mwenye mwili mdogo ashuke chini ya hapo kwa ushauri. Angalia pia dawa za mafua na za kichwa, nyingi zina parasetamoli ndani na huhesabiwa humo humo.

Ibuprofeni bila daktari isipite miligramu 1,200 kwa siku, kwa chakula, kwa siku chache. Iwe peke yake katika kundi lake. Aliyewahi kuwa na kidonda, aliyepita miaka 65, anayetumia dawa ya kulainisha damu au ile aspirini ndogo ya moyo, anayetumia prednisoloni (dawa ya steroidi), mwenye presha, figo au moyo, huyu asijinunulie kabisa. Kwa aspirini ndogo kuna ziada: ibuprofeni huweza kuiziba isifanye kazi yake ya kuulinda moyo.

Kiungulia kikianza ukiwa unatumia dawa hizi, kinachoachwa kwanza ni dawa ya maumivu. Omeprazoli ya kujinunulia haipiti siku 14 bila kuonwa na daktari. Mwenye umri wa mzee huyu, au anayekonda, anayetapika, anayekwama chakula, asisubiri hata hizo 14.

Ramadhani iliyofuata

Alikuja Shaaban, kabla ya mwezi kuandama, tukapanga pamoja na daktari wake. Goti hupakwa jeli ya diklofenaki baada ya Tarawehe na baada ya Alfajiri, kwa kuwa ya kupaka hupita kidogo sana ndani ya damu na kwa goti inafaa kweli. Parasetamoli vidonge viwili kwa futari, viwili kabla ya kulala, viwili kwa daku. Kahawa alianza kuipunguza kikombe kimojakimoja wiki mbili kabla, na kichwa hakikumsumbua. Mjukuu alimtengenezea benchi refu la kufanyia kazi akiwa ameketi badala ya kuchutama. Dawa za presha zina saa zake mpya. Omeprazoli haimo katika karatasi hiyo, kwa sababu kile ambacho angekingwa nacho hakimo.